Kununua na Kuuza Gitaa Lililotumika Mtandaoni: Mwongozo kwa Wapiga Gitaa wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Mtu anayetafuta gitaa mjini Kisumu, Kakamega au Nakuru siku hizi huanzia kwenye simu. Maduka ya ala za muziki yaliyo nje ya Nairobi ni machache, na gitaa jipya lenye sauti ya kuridhisha linagharimu pesa ambazo kijana wa kwaya au mwanafunzi wa chuo hana kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo watu hutegemea matangazo ya Facebook, Jiji na PigiaMe, pamoja na makundi ya WhatsApp ya wanamuziki wa makanisa na wa bendi, na wengi wamepata huko ala yao ya kwanza.

Wengi pia wamepata huko maudhi. Kuna muuzaji anayeficha ufa, mnunuzi anayeuliza "bei ya mwisho?" kabla hata ya kusalimu kisha akapotea, dalali anayetangaza gitaa asilolimiliki, na tapeli anayedai "pesa ya kushikia" ya ala ambayo haipo kabisa. Ukiyachunguza maudhi haya, utaona kwamba yale yanayoumiza zaidi hutokea pale pesa zinapoondoka mkononi mwa mtu kabla gitaa halijamfikia, au gitaa linapoondoka kabla pesa hazijaonekana. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa nia ya kuuziba mwanya huo, ili gitaa na pesa vibadilishane mikono mahali pamoja na kwa wakati mmoja, baada ya ala kuonekana na kusikika.

Hatua ya 1: Jua aina ya gitaa unalolitaka

Tofauti ya kwanza ni kati ya gitaa la nyuzi za nailoni na gitaa la nyuzi za chuma. Wauzaji wengi hawaitaji, na wengine hawaijui, ilhali ndiyo inayoamua kama gitaa litakufaa na litadumu. Nyuzi za chuma za kawaida, zikikazwa ipasavyo, huvuta shingo na daraja (kipande kilichogundishwa juu ya mwili wa gitaa, ambacho nyuzi hushikiliwa hapo) kwa nguvu ya kilo 70 hivi, lakini nyuzi za nailoni huvuta kwa kilo 40 hivi tu. Mtu anapovisha gitaa la nailoni nyuzi za chuma kwa sababu anataka sauti kali zaidi, mbao za juu huanza kuvimba nyuma ya daraja, daraja hung'oka polepole, na shingo hupinda. Magitaa ya namna hii yamejaa sokoni na huuzwa kwa bei inayovutia, nami ningemshauri mtu yeyote ayaache hata akipunguziwa bei mara mbili.

Kuzitambua aina hizi kwa picha ni rahisi. Katika gitaa la nailoni nyuzi hufungwa fundo kwenye daraja, na kichwa cha gitaa kwa kawaida huwa na nafasi mbili ndefu zilizotobolewa katikati. Katika gitaa la kawaida la nyuzi za chuma nyuzi hushikiliwa kwenye daraja na vipini vidogo sita, na kichwa huwa kizima. Usidanganywe na nyuzi tatu nene, kwa kuwa hata katika seti ya nailoni hizo huzungushiwa waya wa metali. Angalia zile tatu nyembamba: zikiwa zinapitisha mwanga kama uzi wa kuvulia samaki, hilo ni la nailoni. Mfano wa aina mbili hizi ni Yamaha C40, ambalo ni la nailoni, na Yamaha F310, ambalo ni la chuma. Yote mawili huonekana mara kwa mara katika matangazo ya hapa kwetu, na tangazo linaloita F310 gitaa lenye kichwa kilichotobolewa limekosea au linakusudia kudanganya.

Hatua ya 2: Soma tangazo kwa makini kabla ya kuandika neno

Picha hueleza zaidi ya maneno. Gitaa lililopigwa picha kwenye mandhari meupe kabisa, bila kivuli, mara nyingi ni picha ya mtengenezaji iliyochukuliwa mtandaoni, na unaweza kulithibitisha hilo kwa kuitafuta picha yenyewe kupitia Google. Picha ya gitaa halisi huonyesha sakafu ya mtu, kochi lake au pazia lake. Kama picha zote zimepigwa kutoka mbele, jiulize kwa nini nyuma ya shingo haikuonyeshwa.

Mahali palipoandikwa napo hapaaminiki sana. Tangazo linaweza kusema "Kisumu" ilhali gitaa liko Nairobi na anayelitangaza ni dalali anayengoja kupata mnunuzi ndipo akalitafute. Udalali wenyewe si kosa. Kosa ni kuuficha, kwa sababu dalali hawezi kujibu swali lolote kuhusu ala ambayo hajawahi kuishika, na kila jibu lake huja baada ya saa kadhaa akiwa ameuliza mahali pengine.

Hatua ya 3: Uliza maswali machache yanayojibika

Anza kwa salamu na ujitambulishe. Hii ni adabu, na pia inakutenga na makumi ya watu walioandika "bado ipo?" na kuishia hapo. Kisha uliza mambo manne kwa ujumbe mmoja: kama gitaa liko mikononi mwake na liko mtaa gani, kama limewahi kuvunjika au kutengenezwa, kwa nini analiuza, na kama unaweza kulijaribu kabla ya kulipa. Ujumbe unaweza kuwa hivi: "Habari yako, ndugu. Nimeona gitaa lako nami nina nia ya kulinunua. Naomba kujua kama unalo wewe mwenyewe na uko mtaa gani, kama limewahi kupasuka au kutengenezwa, kwa nini unaliachilia, na kama naweza kuja kulipiga kabla sijalipa." Muuzaji wa kweli hujibu yote, hata kama atayajibu kwa ufupi.

Akijibu vizuri, mwombe picha moja zaidi: gitaa likiwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono tarehe ya siku hiyo na jina la mji. Ombi hili halimgharimu mwenye gitaa hata shilingi, lakini tapeli hana namna ya kulitimiza kwa urahisi. Simu ya video ya dakika mbili ni bora zaidi, kwa kuwa utaweza kumwomba aligeuze gitaa na kulipiga. Akikasirika au akianza kukuambia kwamba kuna mtu mwingine yuko njiani na pesa taslimu, mtakie biashara njema na uendelee na utafutaji wako.

Hatua ya 4: Chagua mahali pa kukutania

Kutaneni mchana, mahali penye watu na penye utulivu wa kutosha wa kusikia nyuzi. Mjini Kisumu, mkahawa ulio ndani ya jumba la maduka hufaa kuliko Kibuye siku ya Jumapili, ambapo hata sauti yako mwenyewe hutaisikia. Nakuru vivyo hivyo, jiepushe na stendi. Mahali bora kuliko pote ni kanisa siku ya mazoezi ya kwaya au karakana ya fundi wa magitaa, kwa sababu pana umeme, pana amplifaya, na pana macho mengine ya kukusaidia kuona. Kama hujui gitaa vizuri, enda na mtu anayelijua. Mlipe nauli na chakula cha mchana, nawe utakuwa umejiepusha na hasara kubwa zaidi.

Hatua ya 5: Kagua gitaa bila haraka

Hapa ndipo ununuzi unapoamuliwa, kwa hiyo mwambie muuzaji mapema kwamba utahitaji nusu saa. Beba rula ndogo, tochi ya simu, kipande cha karatasi, na kadi tatu za benki au za aina hiyo. Pakua pia programu ya kupimia sauti za nyuzi.

Anza na shingo. Shika gitaa kana kwamba unalenga shabaha, uangalie kutoka upande wa daraja kuelekea kichwani, na uone kama shingo imejipinda kushoto au kulia kama parafujo. Kupinda kidogo kuelekea mbele hurekebishwa kwa fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, kama gitaa linayo. Kujinyonga hakurekebishwi kwa pesa za kawaida. Kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na huhesabiwa kuanzia kichwani) kwa mkono mmoja na freti ya 14 kwa mkono mwingine, utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7. Ikitosha kupitisha karatasi moja au mbili, shingo iko sawa.

Sasa pima urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi tatu zilizopangwa pamoja zina unene wa milimita 2.3 hivi. Ziingize kati ya uzi mnene kuliko zote na freti ya 12. Katika gitaa la chuma lililo katika hali nzuri, kadi hizo tatu zitagusa uzi au zitakaribia sana kuugusa. Katika gitaa la nailoni nyuzi huwa juu zaidi, na milimita 4 ni jambo la kawaida. Ukiona gitaa la chuma linameza kadi tano bila kugusa chochote, vidole vyako vitaumia na sauti itapotoka kila unapobonyeza.

Usimwamini muuzaji anayesema kwamba "fundi atalishusha kwa dakika tano" mpaka uangalie daraja. Juu ya daraja kuna kipande chembamba cheupe cha mfupa au plastiki ambacho nyuzi hukilalia, na nyuzi hushushwa kwa kukipunguza urefu. Kama kipande hicho kimesimama milimita 3 au zaidi, fundi ana nafasi ya kufanya kazi. Kama kimebaki kifupi, kimejitokeza kwa unene wa ukucha tu, ilhali nyuzi bado ziko juu, maana yake ni kwamba mtu mwingine ameshakipunguza na tatizo halikwisha, kwa kuwa tatizo liko kwenye maungio ya shingo na mwili. Matengenezo hayo yanaweza kugharimu kuliko gitaa lenyewe. Jambo hili moja huwaponyoka wanunuzi wengi kuliko mengine yote, na ndilo ningependa msomaji alishike kwanza.

Ukiwa hapo kwenye daraja, chukua ile karatasi ujaribu kuipenyeza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Karatasi ikiingia, daraja limeanza kubanduka. Weka rula juu ya ubao wa mbele, nyuma ya daraja, uone kama ubao umevimba. Uvimbe mdogo katika gitaa la chuma si ajabu, lakini uvimbe unaoonekana kwa macho ukiwa umesimama hatua mbili ni onyo.

Washa tochi uangalie nyuma ya shingo, hasa pale shingo inapokutana na kichwa, kwa kuwa magitaa yaangukapo huvunjika hapo. Ufa uliogundishwa vizuri unaweza kudumu miaka mingi, lakini lazima upunguze bei, na muuzaji asiyeutaja amekupa sababu ya kutilia shaka kila jambo jingine alilosema. Ingiza tochi ndani ya tundu pia. Utaona kibandiko chenye jina na namba ya modeli, na ukiangalia mbao za kuimarisha utaona kama zimebanduka. Gonga mwili kwa ncha ya kidole, polepole, kuzunguka pande zote: sauti ya kuchakarisha ni dalili ya ubao ulioachana na gundi.

Freti ndizo zinazofuata. Ukanda huu una wapigaji wa namna nyingi, na kila mtindo huacha alama yake. Gitaa la kanisani linalopigwa kodi za kawaida (nyuzi kadhaa zinazobonyezwa na kupigwa pamoja) huwa limelika freti tatu za kwanza. Gitaa lililokuwa la solo katika bendi ya benga, mtindo uliohamishia kwenye gitaa namna ya kudonoa nyuzi za nyatiti, ala ya jadi ya Waluo, mara nyingi huwa limelika juu zaidi, upande wa nyuzi nyembamba, kwa sababu mpigaji alikaa huko usiku kucha. Kwa hiyo usijaribu kodi za mwanzo tu. Piga kila uzi kwenye kila freti, mmoja mmoja, kuanzia chini hadi juu, ukisikiliza mahali ambapo sauti inakwaruza au inakufa. Kazi hii huchukua dakika tano, na muuzaji atavumilia.

Mwisho, pima usahihi wa sauti. Kaza nyuzi zikae sawa kwa kutumia programu ya simu, kisha linganisha sauti ya uzi ulioguswa kidogo tu juu ya freti ya 12 na sauti ya uzi uliobonyezwa hapo hapo. Sauti hizo mbili zinapaswa kulingana. Zikitofautiana sana, jaribu kwanza kuuliza nyuzi ni za tangu lini, kwa kuwa nyuzi kuukuu hupotosha kipimo hiki.

Kwa gitaa la umeme ongeza yafuatayo: lichomeke kwenye amplifaya, jaribu kila nafasi ya swichi, zungusha vitufe vyote kutoka mwanzo hadi mwisho, na utikise waya pale unapoingia. Mikwaruzo ya vitufe hutibika kwa kusafisha, na soketi iliyolegea ni kazi ndogo ya fundi wa redio. Pikapu iliyokufa, yaani kile kifaa kilicho chini ya nyuzi kinachonasa sauti yao, ni jambo jingine. Usikubali kununua gitaa la umeme lililopigwa bila umeme kwa kisingizio kwamba stima zimepotea. Rudi siku nyingine.

Kuhusu majina makubwa, tahadhari ni ile ile kila mahali duniani. Gitaa linaloitwa Gibson huwa na kifuniko kidogo kichwani kinachoshikiliwa na skrubu mbili, na bandia nyingi zina tatu. Jina la Fender linaweza kubandikwa juu ya shingo ya gitaa la bei nafuu. Omba namba ya usajili ya gitaa na uilinganishe na mpangilio ambao mtengenezaji ameueleza katika tovuti yake. Binafsi naona heri mtu anunue gitaa la kawaida lililo zima na lisilo na jina kuliko kulipia jina asiloweza kulithibitisha.

Hatua ya 6: Kubaliana bei

Bei ijadiliwe baada ya ukaguzi, huku kasoro zikiwa zimetajwa kwa sauti ya kawaida bila dharau. Hesabu gharama za nyuzi mpya na za fundi, kisha uzitoe kwenye bei uliyotajiwa. Muuzaji akionyeshwa sababu, atapunguza. Akiambiwa tu kwamba ni ghali, hana la kujibu. Mnunuzi aliyekubaliana bei kwenye simu kisha akafika na nusu ya pesa akitegemea muuzaji atachoka, anamkosea mwenzake aliyeacha shughuli zake na kulipa nauli.

Hatua ya 7: Lipa gitaa likiwa mbele yako

Usitume pesa ya kushikia, ya mafuta, ya "kufungulia mzigo" wala ya kumtoa muuzaji nyumbani. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina la mpokeaji linaloonyeshwa kabla hujakamilisha malipo, na ulilinganishe na jina alilokupa muuzaji. Likitofautiana, simama hapo hapo uulize.

Muuzaji naye awe macho. Ujumbe wa kweli wa malipo hufika kutoka kwa jina MPESA, si kutoka kwa namba ya kawaida ya simu, na huwa na msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu kumi. Lakini usitegemee ujumbe peke yake. Fungua programu au piga *334# uangalie salio lako, hata kama mnunuzi ana haraka na boda yake inanguruma nje. Kuna pia hila ya mtu anayedai kwamba ametuma zaidi kwa makosa na kuomba arudishiwe tofauti mara moja. Mweleze afuate utaratibu wa kurejesha muamala, ambao ni kutuma ujumbe wa muamala ule kwa 456, nawe usitume chochote kwa mkono wako.

Andikeni hati fupi ya mauziano, nakala mbili, yenye majina, namba za vitambulisho, tarehe, bei, modeli na namba ya gitaa, kasoro zilizotajwa, na sahihi za wote wawili. Hati hii inamlinda muuzaji dhidi ya mtu anayejaribu kurudisha malipo baada ya kuondoka na gitaa, na inamlinda mnunuzi endapo mtu mwingine atatokea akidai kwamba ala ni yake. Kwa kawaida, mtu aliyenunua kitu cha wizi hapati umiliki wake hata kama alilipa kwa nia njema. Kupokea mali huku ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni za Adhabu. Muuzaji anayekataa kabisa kuandika jina lake amekupa jibu.

Kwa anayeuza: tangazo linalopunguza usumbufu

Maswali mengi yanayowaudhi wauzaji hutokana na tangazo la mstari mmoja. Andika yote tangu mwanzo. Huu ni mfano wa tangazo linalojitosheleza:

"Nauza gitaa la Yamaha F310, nyuzi za chuma, nililolinunua likiwa jipya mwaka 2019. Halijawahi kupasuka wala kutengenezwa. Lina mkwaruzo wa sentimita 4 nyuma ya mwili (picha ya tano), na freti ya pili na ya tatu zimelika kidogo bila kuharibu sauti. Nyuzi ni za mwezi uliopita. Linakuja na begi lake laini. Zipu ya mfuko wa mbele imeharibika. Bei ni shilingi 11,000, na nitapunguza kidogo kwa atakayefika kuliona. Nipo Kisumu, Milimani, baada ya saa kumi jioni siku za kazi. Sibadilishani na simu wala na kitu kingine. Silitumi kabla ya malipo, wala sipokei malipo kabla hujaliona."

Piga picha nane au zaidi karibu na dirisha asubuhi: mbele, nyuma, kichwa pande zote mbili, daraja kutoka ubavuni, freti kwa karibu, kibandiko cha ndani, na kila kasoro. Onyesha kasoro kwanza. Mnunuzi aliyeiona pichani hatakuja kuitumia kama silaha mtakapokutana.

Watakaouliza "bei ya mwisho?" wajibu kwa sentensi moja uliyoiandaa: "Karibu ulione kwanza, tutazungumza ukiwa hapa." Usishushe bei kwa maandishi kwa mtu ambaye hajasafiri, kwa sababu bei hiyo itakuwa ndiyo mwanzo wa mazungumzo atakapofika. Gitaa liende kwa mtu wa kwanza kufika na pesa, na uwaambie hivyo wote waliouliza ili asiwepo atakayehisi amesalitiwa. Likishauzwa, ondoa tangazo siku hiyo hiyo, na uwajulishe waliokuwa wakingoja.

Gitaa likiwa mji mwingine

Mara nyingi mnunuzi yuko Bungoma na gitaa liko Nakuru. Ukweli ni kwamba njia salama ni kusafiri. Kama haiwezekani, tafuta mpiga gitaa anayeaminika katika mji ule kupitia kanisa lako, shule yako au bendi unayoifahamu, akalikague kwa niaba yako kwa hatua zile zile zilizoelezwa hapo juu, alipe yeye mwenyewe akiwa ameshika gitaa, kisha akusafirishie. Mpe ahsante ya pesa, maana ameifanya kazi ya ufundi.

Mfungaji mzigo alegeze nyuzi kidogo, zishuke sauti moja au mbili tu, wala asizitoe zote. Ajaze karatasi au nguo chini ya kichwa na kuzunguka shingo ili kichwa kisining'inie ndani ya begi, kwa kuwa gari likiruka tuta, uzito wa kichwa wenyewe unaweza kuivunja shingo. Juu ya begi laini aongeze katoni ngumu. Katika ofisi ya mizigo atoe maelezo kwamba kitu ni cha kuvunjika, asisitize kiwekwe kwenye buti kikiwa kimesimama au juu ya mizigo mingine, si kwenye kariya ya juu penye jua na mvua, na apokee risiti yenye namba ya gari.

Ukilipokea, lifungue mbele ya karani kabla hujatia sahihi. Kisha uliache ndani ya begi lake hadi kesho yake. Eldoret iko kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi na Kisumu mita 1,130 hivi kando ya ziwa, na mbao zilizozoea hewa kavu ya juu hunywa unyevu zikifika chini, nyuzi zikapanda kidogo. Safari ya kinyume huzikausha, na ncha za freti zikaanza kukwangua mkono. Mara nyingi mabadiliko hayo hutulia au husawazishwa na fundi kwa kazi ndogo, kwa hiyo usimlaumu muuzaji siku ya kwanza.

Mambo yakiharibika

Hifadhi mazungumzo yote, picha za tangazo na ujumbe wa malipo kabla hujaanza kulalamika, kwa maana tangazo linaweza kufutwa wakati wowote. Mwandikie mwenzako kwa adabu, ukitaja kasoro, ukitaja alichoandika, na ukisema unataka nini: kurudishiwa pesa zote, au kurudishiwa gharama ya fundi. Mpe muda maalumu wa kujibu.

Kama ni utapeli wa wazi, ripoti polisi na uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kama ni mgogoro wa pesa kati ya watu wawili wanaofahamiana kwa majina, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili, na unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Utakapokwenda, beba ile hati ya mauziano, picha za tangazo zilizochapishwa, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo, na maelezo ya maandishi kutoka kwa fundi aliyelikagua gitaa, yenye tarehe, jina lake na makadirio ya gharama ya kulitengeneza.